Chupa tatu zilizobaki: kuonja na kulinganisha mvinyo uliokwisha kufunguliwa, kwa joto la Mtwara

Asubuhi baada ya kipaimara cha mpwa wangu, friji yetu pale Shangani ilikuwa na sufuria la pilau, nusu ya keki na chupa tatu za mvinyo ambazo hakuna aliyezimaliza: Chenin Blanc (mweupe wa Afrika Kusini), mwekundu wa Dodoma na Pinotage (mwekundu, nao wa Afrika Kusini). Shemeji yangu alizitazama mara moja tu. "Hizo mwaga, zimeshachacha."

"Shemeji, onja kwanza."

Alionja. Mmoja ulikuwa mzuri kuliko usiku wa sherehe, mmoja ulikuwa vilevile, na mmoja kweli ulikuwa unaanza kuondoka. Tangu hapo nyumbani kwetu mabaki ya mvinyo hayamwagwi bila kesi kusikilizwa, na utaratibu wa kusikiliza kesi hiyo ndio huu.

Kwanza, jua kinachoendelea ndani ya chupa

Aliyekulia huku kusini analijua somo hili bila kufundishwa. Maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyokamuliwa asubuhi ni matamu. Yaache, yanakuwa uraka, pombe ya mabibo. Uache uraka nao upitilize, unageuka mkali wa kuchoma pua, na hapo wateja wake ni wale wapika gongo wenye mapipa na mabomba tu. Mvinyo umeshapita hatua ya uraka kiwandani, kisha ukafungiwa usiendelee na safari. Ukizibua, safari inaanza tena.

Wanaoingia ni wawili. Oksijeni hufifisha harufu ya tunda na kuleta harufu ya tufaha lililopondeka au njugu za siku nyingi. Nyuma yake wako bakteria wanaogeuza alkoholi kuwa siki. Wote wawili wanapenda joto. Wanakemia wana kanuni ya kukisia kwamba joto likipanda nyuzi 10, mambo ya namna hii huenda kasi kama maradufu. Sasa piga hesabu: friji ni kama nyuzi 5, meza ya Mtwara wakati wa kaskazi ni 30. Chupa iliyolala mezani usiku kucha imezeeka kama iliyokaa friji siku mbili au tatu hivi.

Kwa hiyo mvinyo wowote uliofunguliwa, hata mwekundu, mahali pake ni friji. Humo mwekundu na mweupe wa kawaida hukaa siku tatu hadi tano. Wenye mapovu ni siku moja hadi tatu. Ule mzito mtamu ulioongezewa nguvu unavumilia wiki kadhaa. Wa boksi unaweza kukaa hata mwezi, kwa sababu mfuko wa ndani husinyaa kadiri unavyomimina na hewa haipati pa kukaa.

Uokoe usiku uleule

Adui mkubwa si kule kufungua, ni ile nafasi tupu inayobaki juu ya mvinyo. Chupa iliyojaa nusu ina hewa nyingi kuliko unavyodhani. Chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, iliyobeba maji tu (ya soda hata ukiiosha mara tatu bado inanuka soda), mimina mvinyo humo, ibinye taratibu mpaka mvinyo upande hadi mdomoni, kisha funga kifuniko ukiwa bado umeibinya. Itaonekana imekunjamana kama iliyokanyagwa na bajaji. Ndivyo inavyotakiwa. Plastiki hupitisha hewa kidogo, lakini kwa siku nne tano hakuna hasara.

Andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: jina la mvinyo, siku na saa uliofunguliwa. Mke wangu aliwahi kunyweshea maua Chenin ya watu akidhani ni maji yaliyolala.

Chunguza chupa ilikotoka

Kabla ya kuusema mvinyo vibaya, ujue umetendewa nini. Mwekundu wa Dodoma umesafiri kama kilomita elfu moja kutufikia, kutoka kwenye uwanda wa juu kushuka hadi pwani, ndani ya lori lisilo na ubaridi. Wa Afrika Kusini umepitia makontena. Halafu unawekwa dirishani dukani ili upendeze.

Nilishanunua chupa namna hiyo, duka moja hapa mjini, nyekundu nzuri iliyosimama kiooni ikipigwa na jua la magharibi kila siku. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu hadi kinainua ile karatasi ya shingoni. Sikukijali. Nyumbani nikakuta kitu kama jamu iliyochemshwa mara mbili, halafu kimya, hakuna ladha nyingine nyuma yake. Mvinyo ule haukuwa mbaya tangu kiwandani, uliivishwa dukani.

Siku hizi nanunua iliyolala nyuma, kwenye giza, hata kama ina vumbi. Naangalia stempu ya TRA (Mamlaka ya Mapato), ambayo tangu 2019 imekuwa ya kielektroniki, na kiwango cha alkoholi kwenye lebo, maana nitakihitaji wakati wa kupanga foleni ya kuonja. Ukitaka chupa mbili za mvinyo uleule, nunua kwenye maduka mawili tofauti uone. Tofauti kati ya chupa hizo mbili wakati mwingine huzidi tofauti ya mvinyo wa bei rahisi na wa bei ghali.

Joto la glasi: hapa usifanye haraka

Hapa ndipo watu wengi wa pwani tunadanganyika. Tunasoma mahali kwamba mwekundu unanywewa kwa "joto la chumba", tunauweka mezani, tunaunywa ukiwa nyuzi 29, kisha tunasema mvinyo mwekundu unachoma. Chumba kilichokusudiwa ni cha mtu wa Ulaya mwenye ukuta wa mawe na sweta. Kinachotakiwa ni nyuzi 16 hadi 18 kwa mwekundu, na 8 hadi 12 kwa mweupe.

Ukiwa wa moto, alkoholi huruka puani kabla ya harufu nyingine yoyote, na utamu huonekana mzito. Ukiwa wa baridi kupita kiasi, harufu hulala, uchachu unasimama mbele, na ukakasi wa mwekundu huwa mkali zaidi. Kwa hiyo mtu akilinganisha mwekundu wa mezani na mweupe wa friji, analinganisha meza na friji. Mivinyo haimo kabisa kwenye hesabu hiyo.

Nilimjaribu shemeji. Pinotage ileile, glasi mbili: moja imetoka kabatini, moja imetulizwa hadi kama nyuzi 17. Nikamwuliza ipi ya bei kubwa. Akaishika ile iliyotulizwa: "Hii wameitengeneza watu wanaojua kazi. Ile nyingine ni ya kuunguzia koo." Nilipomwambia ni chupa moja, alikasirika kidogo, halafu akataka aonyeshwe tena.

Bila kipimajoto, fanya hivi. Chupa nzima ya mwekundu iliyokuwa chumbani, wakati wa kaskazi, iweke friji kwa saa moja na nusu. Ushauri wa dakika 20 unaousoma kwingine ni wa chumba cha nyuzi 21. Wakati wa kusi, Julai hivi, nyumba ikiwa na upepo, saa moja inatosha. Ukiwa na haraka, tia barafu na maji kwenye ndoo, maji yafike shingoni mwa chupa: mwekundu dakika 10, mweupe kama 20. Barafu bila maji ni polepole, kwa sababu inaigusa chupa kwa nukta nukta, lakini maji yanaikumbatia yote.

Kwa mvinyo uliokwisha kufunguliwa na kulala friji, kazi ni kinyume chake. Mweupe utoe dakika kama 10 kabla. Mwekundu umimine kwenye glasi na uuache robo saa. Kiasi kidogo ndani ya glasi hupata joto upesi sana huku kwetu, kwa hiyo kaa nao karibu, usiende kupiga soga barazani ukarudi umeshakuwa chai. Umeme ukikatika siku hiyo, ahirisha.

Meza, glasi na pua za watu

Onjea mchana au kabla ya chakula cha jioni, penye mwanga wa dirisha. Nyumba isiwe imechomwa udi, asikaangiwe mtu dagaa, na wanaoonja wasiwe wamejipulizia manukato. Hili la manukato ni gumu kumwambia mgeni, basi liseme wakati wa kumwalika.

Glasi zifanane. Zikiwa nyembamba juu na pana chini ni bora zaidi, kwa sababu harufu inakusanyika, lakini hata bilauri za maji zinafaa alimradi zote ni za aina moja. Zioshe, zisuuze kwa maji mengi, kisha nusa glasi tupu. Iliyokaa kabatini na karafuu itakupa mvinyo wenye karafuu.

Mimina mililita 50 kila glasi, kama kikombe kidogo cha kahawa ya mtaani kikiwa hakijajaa. Chupa ya 750 inatoa vipimo 15 vya hivyo. Mivinyo mitatu ni mililita 150, na kwa asilimia 13 hizo ni kama gramu 15 za alkoholi tupu, kama robo tatu ya iliyomo kwenye bia ya nusu lita ya asilimia 5. Hata hivyo weka kopo la kutemea. Najua kwetu kutema mbele za watu ni aibu, ila ukinywa yote, glasi ya tatu itasifiwa na ile ya kwanza. Aliye mjamzito, anayemeza metronidazole na anayeendesha pikipiki kurudi Mikindani, hao wanusie tu. Kunusa ni zaidi ya nusu ya kazi, na jirani zetu wasiogusa pombe kabisa waachiwe korosho zao kwa amani.

Cha kusafishia kinywa: maji yasiyo ya baridi kali, na ming'oko (mizizi ya mwituni ya huku kusini) iliyochemshwa bila chumvi. Wengine hutumia mkate. Ming'oko ni bora, kwa sababu haina haraka ya kukuachia ladha yake. Korosho zenye chumvi ziwekwe mbali hadi mwisho: chumvi na mafuta vinaupendezesha kila mvinyo, hata ule usiostahili.

Ficha majina

Mtu mwingine amimine ukiwa umegeuka, au chupa zivishwe gazeti kuanzia shingoni na kuandikwa A, B, C. Lebo yenye picha ya kasri ina nguvu ya ajabu. Bei ina nguvu kuliko kasri.

Foleni iwe hivi: mweupe kabla ya mwekundu, mwepesi kabla ya mzito, mkavu (usio na sukari iliyobaki) kabla ya mtamu. Dompo na jamaa zake watamu wenye nguvu wakae mkiani kabisa. Ukianza na mtamu, mkavu wowote unaofuata utauita siki, na utakuwa umeuonea.

Kuonja kwenyewe

Tazama kwanza, glasi ikiwa imelazwa kidogo juu ya karatasi nyeupe. Mweupe uliopigwa na hewa huanza kuwa wa dhahabu iliyochoka, kisha kahawia. Mwekundu hupoteza zambarau na kuvuta rangi ya tofali, pembeni kwanza. Usikae sana hapa.

Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha, nusa tena. Harufu ya kiberiti kilichowashwa huondoka yenyewe ukizungusha dakika mbili tatu. Harufu ya katoni iliyolowa mvua ikaozea uvunguni haiondoki: hicho ni kizibo kilichoharibika, na nanogramu chache tu za kemikali yake kwa lita zinatosha kuua chupa. Hilo si kosa la friji yako wala la siku zilizopita. Harufu ya siki, au ile ya gundi na rangi ya kucha, ni dalili kwamba bakteria wameshika usukani.

Kisha tafuta maneno, na uyatafute hapahapa. Wanaoandika kuhusu mvinyo hutaja matunda ya msituni ambayo sisi hatujawahi kuyaona, mtu akaishia kuitikia kwa adabu. Sisi tuna ukwaju, pera, pasheni, embe bolibo lisiloiva vizuri, zabibu kavu, mua, mbao mbichi ya kwa fundi seremala, hiliki, ngozi ya kiatu kipya. Chenin yetu ilikuwa pera na asali. Cabernet Sauvignon mara nyingi ina pilipili hoho ndani yake, na hiyo si ndoto yako: kuna kemikali ya namna moja kwenye zabibu hiyo na kwenye hoho. Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Abraham Perold alipozalisha Pinot Noir na Cinsaut pamoja, ina moshi. Mke wangu alinusa akasema, "Wanabangua korosho jirani." Hakuna aliyeielezea Pinotage vizuri zaidi ya hapo mbele yangu.

Sasa piga funda dogo, lizungushe kinywa kizima, vuta hewa kidogo juu yake, tema. Jiulize manne tu. Utamu upo au ni harufu ya tunda inayokudanganya? Uchachu: mate yanajaa pembeni mwa ulimi kwa kasi gani? Ukakasi: fizi na ulimi vinakauka kiasi gani? Na baada ya kutema, ladha inabaki kwa muda gani? Hesabu kimoyomoyo, mmoja unaondoka kwenye tatu, mwingine unafika kumi na tano.

Uchachu na ukakasi watu huvichanganya na kuviita vyote "ukali". Tenganisha kwa kukumbuka ndimu na bibo. Ndimu inakutoa mate, bibo linakukausha na kukereketa koo. Ukakasi wa mwekundu na wa bibo vinatokana na kitu cha ukoo mmoja, tanini. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mtu wa Mtwara au Lindi ana ulimi uliofundishwa kuhusu jambo hili kuliko watu wengi, ni kwamba hajaambiwa tu.

Mwekundu wa Dodoma uonje bila kuulinganisha na Ufaransa. Kule mzabibu haulali usingizi wa majira ya baridi. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Zabibu ya jua kali huja na sukari nyingi na uchachu mchache. Wetu wa siku ile ulikuwa hivyo, mnene, ukwaju kidogo tu kwa mbali.

Siku ya pili, ya tatu, ya nne

Hapa ndipo mvinyo uliofunguliwa unapokuwa na faida kuliko mpya. Chukua daftari, chora safu za siku na mistari ya A, B, C. Kila siku saa ileile, glasi zilezile, joto lilelile, onja mililita 30 na uandike maneno matatu, si zaidi. Alama kwa mia, mtindo uliovumishwa na Mmarekani Robert Parker, mimi siziwezi. Nikitoa 87 leo, kesho sijui nilimaanisha nini. Napanga tu: nani wa kwanza, nani wa mwisho, na kwa nini.

Daftari letu lilisema hivi. Chenin: siku ya kwanza pera, ya pili pera imepungua, ya tatu tufaha lililopondeka. Mwekundu wa Dodoma haukubadilika siku mbili, ya tatu ukalegea. Pinotage siku ya kwanza ulikuwa moshi na ukakasi mtupu, siku ya pili moshi ukatulia na tunda likajitokeza, ukawa ndio bora mezani. Siku ya nne ukaanza kuchoma pua. Mvinyo wenye tanini nyingi huweza kunufaika na hewa kidogo kwa namna hiyo. Wako unaweza kwenda njia nyingine, ndiyo maana unaandika.

Mtu akidai anaona tofauti kati ya chupa ya jana na ya leo, mpe mtihani wa glasi tatu. Mbili zina mvinyo mmoja, moja ina mwingine. Aseme ipi ni ngeni. Akibahatisha atapata mara moja kati ya tatu, kwa hiyo kupatia mara moja hakuthibitishi kitu. Mara tatu mfululizo kwa kubahatisha tu ni moja kati ya 27, na hapo muamini. Shemeji alipatia mbili. Anadai ya tatu alisumbuliwa na muadhini. Mimi nasema ni baridi, glasi moja nilichelewa kuitoa friji, kwa hiyo ule mtihani tuliufuta.

Ulioshindwa kesi

Mvinyo mwekundu uliochoka, ila haujawa siki, utie jikoni. Pweza aliyepondwa vizuri, kitunguu, nyanya, na kikombe kimoja cha mvinyo. Acha uchemke bila kifuniko dakika kumi kabla ya kufunika, alkoholi nyingi ipae, kisha moto mdogo hadi pweza alainike. Chumvi weka mwisho, baada ya kuonja mchuzi. Mweupe uliochoka unakwenda vizuri na kamba.

Uliokwisha kuwa siki kabisa, na harufu yake ikiwa ya siki safi na si ya gundi, unaingia kwenye kachumbari badala ya ndimu. Ule wa katoni iliyolowa usiupike, kwa sababu harufu ile inahamia kwenye chakula. Huo ndio pekee tuliomwaga mwaka huu.